Mti wa Sufuria

Munira, ulinijia
chungu umekumbatia,
sauti ikififia,
ukauliza, "Kwa nini?"

Msonobari mkavu,
majani rangi ya jivu,
bei yake maumivu
kwenye duka la mjini.

Mti huo wa baridi,
kwao theluji ni jadi;
hapa jua limezidi,
humu mwetu Kibokoni.

Wala usijilaumu:
kabla sijayafahamu
saba niliidhulumu
kwa maji ya kisimani.

Chumvi ile huunguza,
polepole huviviza,
nami kazi kuongeza
na mti u taabani.

Nakinga ya kiyoyozi
cha Bwanaheri kinyozi,
tone-tone kama chozi,
ndoo hujaa jioni.

Sasa, mti wa kuanza.
Pesa isije kuponza:
kuta ndizo za kuchunza,
mifereji ya paani.

Kunguru hula makuyu,
akanya huyu na huyu,
ukachipuka mkuyu
kwenye ufa, ukutani.

Hapo mizizi hukaba
mawe na chokaa haba.
Haunenepi kwa shiba:
umri u kifundoni.

Kwanza omba mwenye nyumba,
usiibe ukatamba.
Nilifukuzwa kwa kamba
na bibi wa ghorofani!

Ngoja mvua za masika,
chokaa ikimeguka,
patasi ikizunguka
kama tabibu jinoni.

Mizizi funga gunia,
maji ukinyunyizia,
upesi ukikimbia
kivulini, kivulini.

Majani punguza nusu
kwa mkasi ama kisu.
Uonee, usibusu,
huruma weka pembeni.

Kisha usiwe na pupa
chungu chembamba kuupa
kabla shina kunenepa:
utakwama utotoni.

Tia ndani ya karai
la mjenzi, halifai,
na sufuria ya chai;
vitoboe kitakoni.

Usichote wa Bamburi
mchanga, japo mzuri;
chumvi yake ni hatari.
Vigae ponda kinuni,

changanya navyo samadi
ya mbuzi wake Hamadi,
konzi moja, usizidi,
maji yasikwame ndani.

Usiupandishe kule
juu ya runinga ile;
mti hula jua tele,
makao yake darini.

Maji usipange saa,
kidole chako chafaa:
kikavu, ndoo watwaa,
kibichi, iache chini.

Mwaka uishe mzima
bila tawi kulichuma.
Najua utalalama,
"Huu mchezo wa nini?"

Ndipo utafute waya
wa mabaki kwa Yahaya;
tawi pinda bila haya
litazame kule chini.

Lakini ukisahau,
waya hauna nafuu,
kovu hubakia kuu
kama pingu mkononi.

Kuna aliyejaribu
mnazi kuuadhibu,
kukata kichwa, ajabu!
Leo ni kuni jikoni.

Mkwaju ni wa subira.
Marikiti, kwa Samira,
kokwa bure, si hasara,
ziloweke kikombeni.

Shina likitimu wanda,
miaka saba 'mekwenda,
utakuwa umekonda
na mvi mbili kichwani.

Chungu chake usitupe,
kisugue, cheupe pe;
kesho twende nikakupe
mkuyu wa msalani.

U kwenye bomba la taka,
mwenye nyumba amechoka,
kila mwaka huufyeka
na bado u maishani.

Vaa viatu vibovu,
uje na uvumilivu;
patasi ninayo, pevu.
Tuonane mlangoni.